Mchele wa Nje: Zanzibar na Komoro

Ndugu mkulima wa Dimani, mpunga wako una wanunuzi ng'ambo ya maji. Zanzibar wanakula wali. Visiwa vya Komoro, kule kusini kati ya Msumbiji na Bukini, nao wanakula wali. Mashamba yao hayawatoshi. Katika karne ya 19 majahazi yalichukua mchele wa Rufiji kupeleka Unguja. Siku hizi mchele mwingi unaoliwa huko unatoka Asia kwa meli.

Je, nani anazidi kuagiza mchele wa nje mwaka hadi mwaka, Zanzibar au Komoro? Wengi watatazama fedha zilizotumika. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Tuseme kijiji kimoja mwaka jana kilinunua magunia 100, kila gunia shilingi 100,000. Kilitoa shilingi milioni 10. Mwaka huu bei imepanda, gunia ni shilingi 150,000. Wamenunua magunia 80 tu, lakini wametoa shilingi milioni 12. Fedha imeongezeka, chakula kimepungua! Basi anayetazama fedha peke yake atasema, "Eti wanazidi kula."

Jambo hili limetokea kweli. Mwaka 2008 bei ya mchele duniani ilipanda zaidi ya mara mbili kwa miezi michache. Tena Julai 2023 India ilizuia mchele wake mweupe wa kawaida kuuzwa nje, ikaufungulia Septemba 2024. Kwa mwenye kisiwa asiye na shamba la kutosha, hiyo ni taabu. Kwa hiyo tuhesabu tani. Tani moja ni kilo 1,000, yaani magunia kumi ya kilo 100.

Lakini tani nazo hazitoshi. Lazima tuhesabu na vinywa. Mwaka 2002 Zanzibar walihesabiwa watu 985,000 hivi. Mwaka 2022 walikuwa 1,890,000. Karibu mara mbili! Komoro mwaka 2003 walikuwa 576,000, na mwaka 2017 walikuwa 758,000. Palipokuwa na watu watatu, sasa wanne. Ni kweli miaka hiyo hailingani, 20 kwa 14, lakini hata ukiisawazisha Zanzibar imekua upesi zaidi. Basi Zanzibar ikiagiza tani mara mbili ya zamani, huenda kila mtu anakula sahani ile ile. Gawanya tani kwa watu, ndipo ulinganishe.

Tena angalia nani anaagiza. Komoro liko shirika la serikali, ONICOR, linaloagiza mchele wa kawaida. Meli yake moja ikichelewa kutoka Desemba mpaka Januari, mwaka mmoja utaonekana wa njaa na wa pili wa shibe. Ndiyo maana hutazamwa miaka mitano au kumi, si miwili.

Sasa tuje kwetu. Ushuru wa Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75. Zanzibar, kwa miaka mingi, imetoza kidogo sana kuliko huo ili wananchi wake wapate chakula rahisi. Si vibaya, wana haja. Ila mchele huo ukivushwa usiku kuja bara, unashindana na wako sokoni, nao haukulipa ushuru wa huku. Mpunga ukishuka bei Kibiti na mavuno hayakuzidi, ulizeni kwanza ni tani ngapi zimeshushwa Unguja.