LIKIZO SI LAZIMA MOMBASA

Kila tunapofungua shule muhula wa tatu, mabweni hujaa habari za Mombasa. Huyu alivuka feri ya Likoni, yule aliogelea Nyali. Sisi tuliobaki Kitui na Makueni huinamisha vichwa na kusema, "Mimi nilikaa tu nyumbani." Neno hilo "tu" ndilo linalonikera. Mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo hawezi kuongezewa nauli ya Mombasa, na mtoto wake hana sababu ya kuona haya.

Lakini tuelewane. Kuchota maji, kuchunga mbuzi na kulala si kutembea. Agosti huku kwetu ni kiangazi, na punda haendi kisimani peke yake. Ukitaka likizo ya karibu, sharti uiombe. Mimi humwambia mama mapema: "Mama, Jumatano nitajaza mitungi yote, Alhamisi unipe ruhusa." Siku ikishatajwa, basi ni ya kutembea. Usipoitaja, amini usiamini, mwezi utakwisha ukiwa na jembe mkononi.

Sasa twende wapi? Walio Kitui wana jiwe la Nzambani, si mbali na mjini. Ni jabali kubwa lililosimama peke yake, nalo lina ngazi ya chuma ya kupandia. Wazee husimulia kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke mwanamume. (Wavulana wa Kidato cha Pili wanaojitia ushujaa, jaribuni mtuletee habari!) Wageni hufunga safari kuja kulipanda, ilhali wapo wenyeji wanaolipita bila hata kugeuza shingo.

Mwenye jamaa upande wa pili wa mto Athi ana bahati zaidi. Barabara ya Kitui hadi Kibwezi kupitia Mutomo na Ikutha siku hizi ni ya lami. Mimi nina shangazi huko, kwa hiyo gharama ni nauli tu. Malazi ni kwake na muthokoi ni wake. Kutoka Kibwezi hupanda matatu hadi Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926. Msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, na sigara usiingie nayo.

Ninaloipendea Makueni hasa ni milima ya Chyulu, ambayo sehemu yake ilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1983. Milima hii ilitokana na volkano, na mawe yake yana matundu matundu. Mvua ikinyesha huko juu, maji hayafanyi mito. Huzama ndani ya mawe, yakasafiri chini kwa chini, kisha yakabubujika mbali: mengine Umani karibu na Kibwezi, mengine Mzima katika Tsavo Magharibi. Na kutoka Mzima kuna bomba linalopeleka maji hadi Mombasa! Yule anayeringa ati alioga Mombasa kila jioni, huenda alijimwagia mvua ya Chyulu. Mwulizeni kama alijua.

Anayetaka kuona chemchemi ya Umani Agosti ijayo aulize kwanza kwa walinzi wa msitu, wala asiende peke yake. Msitu wa Kibwezi una ndovu. Shangazi hanikubalii kuukaribia bila mtu mzima anayeujua, na katika hilo simbishii.