Studio haihitaji ng'ombe

Kila kikundi cha maigizo kinachotaka kutunga mchezo wa redio kuhusu wafugaji, kiwe cha Kasongo au cha Kabambare, huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, sauti za ng'ombe wa kweli tutazipata wapi?" Kwetu Maniema kuna mbung'o, mbuzi ndio wengi, ng'ombe ni wa kutafuta. Basi vijana huuweka mchezo kando kabla hawajauandika. Leo nawajibu wote kwa pamoja: msizitafute, hamna kazi nazo.

Imani kwamba redio hurusha kitu chenyewe ndiyo inayoharibu michezo yetu. The Lone Ranger, mchezo wa Marekani uliowafanya watoto wampende farasi aitwaye Silver, ulianza mwaka 1933 katika kituo cha WXYZ, Detroit, ukirushwa moja kwa moja. Hakuna farasi aliyeingizwa studio. Gunsmoke ya redio ya CBS ilidumu tangu 1952 hadi 1961 ikisimulia Dodge City, mji wa wachunga ng'ombe, na hadi leo inasifiwa kwa sauti zake. Mafundi wa michezo ya namna hiyo walitengeneza kwato kwa nusu mbili za kifuu cha nazi na sanduku la changarawe.

Walikuwa na sababu. Ng'ombe akitembea kwenye nyasi, hatua zake hazisikiki. Sikio lako huchuja, mikro haichuji: inanasa nzi, upepo na pikipiki ya barabarani sawasawa na mnyama. Kisha mlio wake mzito unapita kwenye kispika cha simu kisichotoa besi, unabaki kama mlango unaokwaruza. Na zile sauti mnazopakua intaneti? Nimezisikia: malisho ya Ulaya, kengele shingoni, ndege wasio wa Maniema. Mzee wa Kabambare hadanganyiki.

Msikilizaji humtambua mnyama kwa mwendo. Mapigo manne ya polepole, ng'ombe anatembea. Watu watatu wakigonga, kila mmoja kwa kasi yake, kundi limefika. Yanayobaki ni ya mwigizaji: amwite ng'ombe kwa jina, aheme kweli baada ya kukimbia, arudi nyuma hatua tatu kutoka kwenye mikro akipaza sauti, na kundi liko ng'ambo ya mto Lualaba.

Haya, vifaa. Kwato: vibuyu vilivyokatwa nusu juu ya sinia la udongo mkavu. Mlio: mtu mwenye sauti nzito, mdomo ndani ya mtungi mtupu. Nyasi: utepe wa kaseti mbovu, uufinye. Moto: karatasi ya plastiki. Radi: bati likitikiswa. Fimbo: mkanda uliokunjwa, uvutwe ghafla. Mikro ikae shubiri moja na chombo, ifunikwe leso, grupu la umeme lizimwe.

Na mwandishi asiandike tu "ng'ombe wanapita". Aandike wanapita wapi, kwenye mbao za daraja au kwenye tope, ili mtu wa sauti ajue ashike nini.