UFAFANUZI KWA WANANCHI: MIONZI YA ANGA NA UIMARA WA SAKETI ZA ELEKTRONIKI

Wananchi wa Somanga, Songo Songo na pwani yote ya Kilwa wanaletewa maelezo haya ili wapate kuelewa jambo lisiloonekana kwa macho, lakini linalogusa vyombo wanavyovitegemea. Tangu mwaka 2004 gesi asilia ya Songo Songo hupita chini ya bahari hadi Somanga Funga na kuelekea Dar es Salaam, na mitambo ya aina hiyo huongozwa kwa kompyuta. Nahodha naye siku hizi hutazama simu inayopokea mawimbi ya setilaiti ili ajue alipo. Vyote hivyo hutegemea saketi ndogo za silikoni, na miongoni mwa maadui wa saketi hizo ni mionzi. Ieleweke kwamba mionzi inayozungumzwa hapa si mawimbi ya minara ya simu.

Chanzo na madhara yake

Kutoka kwenye jua na anga za mbali huja chembe zenye nguvu nyingi. Zinapogonga hewa ya juu huzaa chembe nyingine, zikiwemo nyutroni, ambazo baadhi yake hufika ardhini. Madhara yake ni ya namna tatu. Kwanza, chembe moja huweza kubadili sifuri kuwa moja katika kumbukumbu ya kompyuta. Saketi hubaki nzima, ila habari iliyohifadhiwa huwa si sahihi tena. Pili, chembe huweza kufungua njia ya mkondo mkubwa wa umeme ambao usipokatwa upesi huunguza saketi. Tatu, mionzi hulimbikiza athari zake mwaka hadi mwaka na kuzichakaza transista.

Kazi ya watafiti

Mwaka 1958 James Van Allen wa Marekani aligundua mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia. Mwezi Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia katika anga za juu, na mionzi ikaongezeka. Setilaiti ya mawasiliano ya Telstar, iliyorushwa siku iliyofuata, ilidhurika na kunyamaza kabisa Februari 1963. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walieleza kwamba hata kasha la kauri linalofunika saketi huweza kuwa na urani na thori kidogo, na kwamba chembe za alfa zitokazo humo hugeuza kumbukumbu. Hivyo adui aliweza kutoka ndani ya nyumba.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina nafasi katika historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya uchunguzi wa eksirei iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilizunguka karibu na ikweta, iliepuka sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki Kusini ambako mikanda ya Van Allen huikaribia dunia zaidi. Setilaiti za Kenya za baadaye, 1KUNS-PF ya mwaka 2018 na Taifa-1 ya mwaka 2023, ziliwekwa katika njia zinazokatiza eneo hilo. Kwa hiyo saketi zake hazina budi kuwa na ustahimilivu.

Ustahimilivu huo hupatikana kwa njia kadhaa. Hesabu moja hufanywa na saketi tatu, na jibu la wengi hufuatwa. Kumbukumbu huongezewa alama za kusahihisha makosa. Kifaa cha ulinzi hukata umeme mkondo unapozidi. Aidha, saketi hupigwa mionzi maabara kabla ya kutumika.

Yanayotuhusu hapa

Karibu na ikweta usumaku wa dunia huzuia chembe nyingi za anga, na Somanga, kwa kuwa usawa wa bahari, imefunikwa na hewa yote iliyo juu yake. Katika kimo cha ndege za abiria chembe hizo ni mara mamia zaidi. Ndiyo maana Novemba 2025 kampuni ya Airbus iliagiza maelfu ya ndege za jamii ya A320 zirekebishwe, baada ya kubainika kwamba mionzi mikali ya jua ingeweza kuharibu taarifa za uongozaji wa ndege.

Kwa hiyo, simu ikizimika Somanga, chumvi, unyevu na joto ndivyo vya kushukiwa kwanza. Hata hivyo, dhoruba za jua huvuruga tabaka la juu la hewa linalopitiwa na mawimbi ya setilaiti, na karibu na ikweta tabaka hilo huchafuka hata siku za kawaida, hasa baada ya jua kutua. Wakati huo simu huweza kumwonyesha nahodha mahali asipo.

Manahodha na wavuvi wanakumbushwa kutoiacha dira nchi kavu, na kuendelea kuwafundisha vijana alama za pwani, nyota na miamba. Saketi tatu hupigiana kura ili zisikosee. Chombo baharini nacho kisitegemee shahidi mmoja.