Kitisho kwa Askari Kinapoingia Katika Simu Yako

Leo tutasoma ujumbe wa simu wa namna moja ambao ni heri tusikutane nao, lakini hutokea: ujumbe wa kumtishia askari polisi.

Zamani, misafara ya pembe ilipopita Unyamwezi kati ya Ujiji na Bagamoyo, habari zilikwenda kwa miguu. Aliyezileta alionekana uso, na wazee walimwuliza: umesikia kwa nani? Siku hizi habari hutua mfukoni bila mleta habari, na swali lile tumeliacha.

Tuseme jioni moja umepumzika baada ya kazi ya tumbaku. Simu inalia. Katika kundi la WhatsApp la ukoo, mpwa wako mwenye bodaboda ameandika: “Yule trafiki wa njia panda, Ijumaa hatafika kwake.” Wawili wamecheka. Wa tatu ameuliza nyumba iko wapi. Wewe umejifunza kusoma mwaka huu tu, nawe umeelewa kila neno. Utafanya nini?

Wengi wetu huupeleka ujumbe kwa wengine, eti kuwaonya. Au huufuta, wasije wakaitwa mashahidi. Yote mawili ni mabaya. Ukiupeleka kwa watu ishirini, umekuwa tarishi wa kitisho, na huenda mmoja wao ndiye mwenye panga. Ukiufuta, umeondoa ushahidi, na askari hakuonywa.

Je, si hasira tu? Mara nyingi ndiyo. Lakini kioo cha simu hakikuonyeshi moyo wa mtu. Tarehe 12 Julai 2015 watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na raia, wakachukua bunduki. Katika mji huo huo, tarehe 25 Agosti 2021, mtu mmoja aliwaua askari watatu na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa, kisha naye akauawa. Sisemi kwamba watu wale walitangulia kutishia kwa simu. Nasema askari asomaye kitisho huyakumbuka mambo hayo, na mke wake pia.

Basi usiufute ujumbe. Andika katika daftari namba iliyoutuma, jina la kundi, tarehe na saa. Usijibu kwa matusi. Ujumbe huu umetaja siku, na mtu ameulizia nyumba. Kwa hiyo usingoje asubuhi. Nenda kituoni, au piga 112, au mwone mtendaji wa kijiji ikiwa kituo ni mbali.

Najua hapa ndipo pagumu, kwani ni mtoto wa dada yako. Mimi naona ni afadhali mjomba amwite, waende pamoja, kabla damu haijamwagika. Akikataa, nenda peke yako. Asidhani jina la kubuni litamficha: laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilimwekea amtumiaye mwenzake ujumbe wa kumtisha faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Lakini mwulize pia: trafiki alikufanyia nini? Labda alimdai fedha bila stakabadhi. Kama ndivyo, kijana ana haki ya kulalamika, na kulalamika si kutishia. Askari naye asiite kila lalamiko kitisho. Habari za rushwa hupelekwa TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Lalamiko juu ya askari hupelekwa kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na likipuuzwa, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Barua ya kurasa mbili yenye tarehe, mahali na majina ya waliokuwapo huwasumbua wakubwa kuliko matusi mia ya WhatsApp. Nanyi sasa mnajua kuandika barua.

Haya, shikeni kalamu. Mwalimu ataandika ubaoni sentensi tatu. Someni kwa sauti, kisha jadilianeni ipi ni lalamiko, ipi ni kitisho, na ipi inataka aliyeiandika aulizwe kwanza:

“Askari huyu alichukua baiskeli yangu Jumatatu, hakunipa hati.”

“Watoto wake wanasoma shule ile, tutawangoja njiani.”

“Siku moja atajuta.”

Hiyo ya tatu isiwagombanishe. Tutairudia Alhamisi, tutakapoandika barua yenyewe.