London hadi Dar: Hesabu Masaa ya Kukaa, Siyo Kilomita Tu

Msimu wa kwenda nyumbani ukikaribia, wengi wetu tulio hapa Uingereza huangalia mambo mawili: bei ya tiketi na uzito wa mizigo. Leo tunakuomba uongeze la tatu: masaa utakayokaa kwenye kiti.

London hadi Dar es Salaam, ukipima moja kwa moja angani, ni kama kilomita 7,500. Tangu British Airways ilipoacha njia hiyo mwaka 2013, wasafiri wengi hubadilisha ndege njiani. Ukipitia Nairobi, ni kama masaa 8 na nusu, kisha saa moja na dakika chache hadi Dar. Ukipitia Doha, ni karibu masaa 7, halafu karibu 6 mengine. Miji ni ile ile, ila miguu yako imekaa masaa 3 zaidi. Na kama kwenu ni Mbeya, ukapanda basi kesho yake alfajiri, ongeza kilomita zaidi ya 800.

Kwa nini tunahesabu masaa? Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu unapotembea. Ukikaa muda mrefu bila kujinyoosha, damu huenda polepole na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Donge hilo likikatika na kufika kwenye mapafu, linaweza kuua.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hatari hii huongezeka kama mara mbili baada ya safari ya masaa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari. Usiingiwe na hofu: lilikadiria kuwa ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Lakini hatari haiishi ukishuka kwenye ndege. Hubaki juu kwa wiki kadhaa, na safari za kufuatana huiongeza.

Muone daktari kabla ya kusafiri kama:
- umewahi kuganda damu, au una saratani
- umefanyiwa upasuaji karibuni, au umefungwa hogo mguuni
- una mimba au umejifungua karibuni
- unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni
- una uzito mkubwa sana

Ukiwa ndani ya ndege:
- Usijaze mabegi ya zawadi chini ya kiti cha mbele. Hapo ni pa miguu yako.
- Simama utembee kila baada ya saa moja au mawili. Usione haya kumsumbua jirani.
- Ukiwa umekaa, inua visigino na vidole mara kwa mara.
- Kunywa maji. Punguza pombe na epuka vidonge vya usingizi.
- Usimeze aspirini kwa ajili ya safari bila ushauri wa daktari.

Ukishafika, mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, utaambiwa ni uchovu wa safari, na shangazi ataleta mafuta akuchue. Mshukuru, lakini usikubali kuchuliwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari umesafiri masaa mangapi. Ukibanwa na kifua au pumzi ghafla, usisubiri hata dakika.

Tunakutakia safari njema. Wasalimie nyumbani!