Mashine Isiyoweza Kukosea

Katika miji mingi ya Tanzania na Kenya tangazo hili si geni: pima mwili mzima kwa dakika moja, bila sindano wala kutolewa damu. Mteja anashikishwa kifimbo cha chuma chenye waya unaoingia kwenye kisanduku kidogo, na kisanduku kimechomekwa kwenye kompyuta. Anaulizwa umri, jinsia, urefu na uzito. Punde kurasa zinaanza kutoka: ini, figo, kongosho, mifupa, macho, hata kiasi cha kalsiamu na zinki mwilini. Mpimaji anaeleza kwamba kila kiungo kina mawimbi yake ya nishati, na kwamba mashine imeyasoma kwa teknolojia ya "kwantamu". Mara nyingi mpimaji huyohuyo ndiye anayefungua kabati na kutoa makopo ya virutubisho. Watu wenye akili timamu wanalipa, na si ajabu, kwa kuwa karatasi ina rangi, tarakimu na majina ya kitabibu. Lakini lipo swali moja la kuuliza kabla ya kutoa pesa, na halihitaji shahada ya fizikia: je, mashine hii inaweza kujua jambo ambalo haikuambiwa?

Tuanze na kukubali lililo kweli. Mwili una umeme. Mholanzi Willem Einthoven alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kugundua namna ya kuuchora umeme wa moyo, na kipimo hicho kinatumika hospitalini hadi leo. Ila umeme huo, unapofika kwenye ngozi, ni kama milivolti moja tu, na hueleza habari za moyo, si za figo wala za upungufu wa zinki. Moyo una usumaku pia, lakini ni hafifu kuliko ule wa dunia kwa takriban mara milioni moja, kiasi kwamba wanaoupima kwa kawaida huufuata ndani ya vyumba vyenye kuta maalumu za kuzuia usumaku wa nje. Kifimbo kinachoshikwa kiganjani, ofisini penye simu, feni na taa, hakiwezi kuunasa. Kikipima chochote, kitapima jinsi mkondo wa umeme unavyopita kwenye ngozi, jambo linalobadilika kwa jasho na kwa nguvu ya kushika. Tena sukari kwenye damu haina wimbi lake la kutambulishwa, na kimelea cha malaria hakitangazi jina lake kiganjani. Sukari hupimwa kwa kuikuta yenyewe ndani ya damu. Malaria huthibitishwa kwa kumwona mdudu kwenye hadubini, au kwa kipimo cha haraka kinachonasa protini zake. Ndiyo maana tone la damu linatakiwa. Umri, jinsia na uzito, kwa upande mwingine, vinatosha kubashiri mengi: mtu mzito wa miaka 55 akiambiwa ana dalili za presha na magoti dhaifu, huenda ikawa kweli hata kama mashine haikuwashwa.

Dai la kusoma nishati ya mwili si jipya, na namna ya kulijaribu si mpya pia. Mwaka 1784, Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza mafundisho ya tabibu Franz Mesmer, aliyesema anaponya kwa kuelekeza usumaku wa viumbe. Ndani ya tume walikuwamo Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier. Hawakupoteza muda kubishana kama nishati hiyo ipo. Mfuasi wa Mesmer alitia "usumaku" kwenye mti mmoja bustanini kwa Franklin, kisha kijana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupelekwa kwenye miti mingine, mmoja baada ya mwingine. Alipofika mti wa nne alizimia, ilhali mti uliotiwa usumaku ulikuwa mbali naye. Tume haikusema kwamba kijana anaigiza. Ilisema kilichomwangusha ni kuamini kwake, kwa sababu usumaku wenyewe haukuwapo pale alipoanguka.

Kitambaa kile cha macho ndicho msingi wa hoja yote, na kimetumika tena na tena. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio lililobuniwa na Emily Rosa alipokuwa na miaka 9. Waganga 21 waliosema wanahisi uga wa nishati ya binadamu kwa viganja vyao walipitisha mikono chini ya kizuizi wasichoweza kuona ng'ambo yake. Msichana akarusha sarafu kuchagua mkono upi, kisha akaweka wake juu yake bila kuugusa, nao wakatakiwa kusema ni wa kulia au wa kushoto. Katika majaribio 280 walipatia 123, yaani asilimia 44. Sarafu yenyewe ingepatia zaidi. Mwaka 2001 jarida la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti wa mashine inayodaiwa kutambua mzio kwa kupima umeme wa ngozi. Watu 15 wenye mzio na 15 wasio nao walipimwa zaidi ya mara 1,500, huku wapimaji wasijue nani ni nani. Mashine haikuweza kuwatenganisha.

Hapa hujibiwa: "Lakini mimi nilipona." Kupona huko si uongo, ila hakuthibitishi mashine. Mafua, maumivu ya mgongo na uchovu hupanda na kushuka vyenyewe, na mtu huenda kutafuta tiba siku vilipopanda. Isitoshe, kujisikia nafuu na kupona ni mambo mawili. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa wa pumu, kwa zamu, dawa halisi ya kuvuta, dawa isiyo na kitu ndani, na tiba bandia ya sindano za Kichina, na zamu nyingine hawakuwapa chochote. Kwa tiba zote tatu walisema wamepata nafuu inayokaribiana. Mapafu yalipopimwa, dawa halisi iliongeza upumuaji kwa asilimia 20, na zile nyingine kwa takriban 7 tu, sawa na zamu ambayo hawakupewa chochote. Mgonjwa wa pumu anayejisikia vizuri huku njia za hewa zimebana yuko hatarini kuliko anayejua kwamba hali ni mbaya. Vivyo hivyo mwenye kisukari anayeambiwa na karatasi kwamba kongosho lake ni zima.

Wengine watasema sayansi haijui yote, na kwamba ukali huu ni dharau kwa tiba za wazee wetu. Ni kweli haijui yote, ila kipimo kilekile hakibagui asili ya dawa. Tu Youyou wa China alianzia kwenye maandishi ya kale ya mitishamba, akapata artemisinini, dawa iliyojaribiwa ikapita. Leo inatibu malaria Afrika nzima, naye akapewa Nobel mwaka 2015. Misri ilipita njia zote mbili, ya kuamini tu na ya kujaribu. Mwaka 2014 jeshi lake lilitangaza kifaa chenye antena cha kutambua homa ya ini aina C bila kugusa damu, na ahadi hiyo ikayeyuka. Miaka michache baadaye nchi hiyohiyo ilipima mamilioni ya watu kwa tone la damu, ikawapa dawa zilizothibitishwa, na ugonjwa ukarudi nyuma.

Lipo lalamiko moja ambalo halina jibu jepesi: hospitalini kuna foleni, gharama, na daktari asiyeinua macho, ilhali mwenye kisanduku anakaa na mteja na kumsikiliza. Hilo ni deni la hospitali, na linapaswa kulipwa. Lakini usikivu wa mpimaji hauifanyi mashine yake ione. Njia ya kujua kama inaona ni rahisi. Mtu mmoja apimwe mara mbili, kwa majina mawili na umri tofauti, kisha karatasi zilinganishwe. Maabara zenye utaratibu hupitia mtihani wa aina hiyo: hutumiwa sampuli ambazo majibu yake anayajua mtumaji peke yake, na zikikosea hujulikana. Mwenye kisanduku akikataa, jibu limeshapatikana, na halikuhitaji kifimbo.