Mtoto Aliyekabidhiwa Mdogo Wake

Mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, katika utafiti wake wa mwaka 1958 aliwasimulia wavulana wa Chicago kisa cha mtu ambaye mkewe anakufa kwa saratani, na dawa inauzwa bei asiyoimudu. Je, aiibe? Kutokana na majibu yao akapanga hatua za kukomaa kimaadili, zinazofundishwa vyuoni hadi leo. Lakini kipimo hicho kinapima zaidi ufundi wa kujieleza. Ukitaka kujua mtoto anajengeka vipi, uliza kwanza amepewa kazi gani nyumbani na amekabidhiwa nani.

Ushahidi mmoja mzito unatoka Kenya. Katika miaka ya 1950, mradi wa wanaanthropolojia John na Beatrice Whiting ulichunguza watoto wa miaka 3 hadi 11 katika jamii sita duniani, mojawapo Nyansongo, huko Ukisii. Watafiti waliwatazama wakiishi, wakaandika waliyoyatenda. Matokeo yalitoka kitabuni mwaka 1975: watoto wa Nyansongo walikuwa mbele katika kusaidia na kuwajali wengine, ilhali wale wa mji mdogo wa New England, Marekani, walizidi katika kuomba wasaidiwe na watazamwe wao.

Mkisii hazaliwi na moyo mwema kuliko Mmarekani. Mama wa Nyansongo alikuwa shambani, na mtoto ambaye mwenyewe hajafika hata miaka kumi ndiye aliyebaki na kichanga. Kichanga hakisemi. Anayekilea hana budi kutambua kilio hiki ni cha njaa, cha usingizi au cha maumivu, kisha aache mchezo wake ashughulike. Akifanya hivyo siku baada ya siku, haja ya mwenzake inamgusa kabla hajaambiwa. Wala hawakuwa malaika: watoto haohao walikemea na kuamrisha sana, maana aliyekabidhiwa mdogo amepewa na mamlaka juu yake.

Mwanaanthropolojia Carol Ember naye alifanya utafiti miongoni mwa Wajaluo wa Oyugis, hukohuko Kenya, akauchapisha mwaka 1973. Palipokosekana binti wa umri wa kufaa, mvulana ndiye aliyepika na kulea. Wavulana waliozoea kazi hizo za ndani walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, hata wakati hawakuwa kazini. Wanaosema ukorofi wa wavulana ni maumbile tu, wasiishie hapo bila kuutazama utafiti huu.

Simtetei mzazi anayemtoa mtoto shuleni ili alee. Hiyo ni dhuluma. Ila nasikitika kuona katika nyumba nyingi za mijini dada wa kazi akifanya kila kitu, huku mtoto wa darasa la nne akipelekewa hadi maji ya kunywa. Jioni mwachieni yeye amlishe mdogo wake uji. Akiumwaga, aupanguse mwenyewe, kisha aendelee kumlisha.